Bei ya karatasi ibandikwe ukutani

Kama unataka kujua serkali inakuona vipi hapa Kalemie, usingoje uchaguzi. Enda tu utafute karatasi. Karatasi yoyote: ya parsele ya wazazi, ya kuzaliwa kwa mutoto, ya tabia njema ya kuweka katika dosie ya kazi. Siku moja haitatosha, hata juma moja linaweza kukosa kutosha, lakini utarudi nyumbani umeelewa mambo ya inchi hii kuliko miaka 5 ya chuo kikuu.

Mimi nilimaliza lisansi, niko nyumbani. Kazi yangu ya kila siku ni kutafuta kazi, na kutafuta kazi ni kutafuta makaratasi. Kwa hiyo milango ya biro za muji huu ninaijua, na mabenchi yake pia, hata ile benchi yenye muguu mumoja mufupi. Lakini leo sitaki kulia juu ya dosie yangu. Ninataka tuongee juu ya karatasi ya udongo, juu ile ndiyo inafukuza watu katika nyumba.

Tuanze na sheria, maana wengi wetu tunaijua kwa uvumi. Sheria ya udongo ni ya tarehe 20 Julai 1973, ikarekebishwa 1980. Artikle ya 53 inasema udongo ni mali ya serkali peke yake, haiuzwi, na hakuna mutu anayeupata kwa kukaa juu yake muda murefu. Wewe na mimi tunapewa haki ya kuutumia, ndiyo inaitwa konsesyo. Mukongomani anaweza kupata konsesyo ya daima. Mugeni au kampuni anapata ya muda, miaka 25 ambayo inaweza kurudiliwa. Kiisha inakuja artikle ya 219: haki ile inasimama mbele ya sheria kama tu imeandikwa katika sertifika ya anrejistrema. Hapo sheria haikutaja fishi ya komine. Haikutaja karatasi ya kuuziana yenye sahihi ya mashahidi wawili na shefu wa avenyu. Sertifika, basi.

Sasa hesabu katika avenyu yako ni nyumba ngapi ziko na sertifika. Utahesabu na vidole vya mukono mumoja, na vidole vitabakia.

Wengine tuko na nini? Kuko fishi parselere kutoka komine. Kuko atestasyo ya shefu wa katiye, yenye kashe iliyofifia mpaka husomi tena jina. Kuko akte ya kuuziana ambayo ilifotokopiwa mara nyingi, na orijinali hakuna anayejua iko kwa nani. Na kwa familia za zamani, zile ambazo babu alikuja kufanya kazi ya reli au bandari wakati muji huu ungali unaitwa Albertville, kuko kitabu kidogo kinaitwa livre ya lojere. Wakoloni walikuwa wanamupa Mukongomani kitabu kile kumuonyesha kwamba anakaa tu, yeye ni mutu wa kulazwa, udongo si wake. Sheria ya 1973 ilifikiria watu wale: ilisema mwenye livre ya lojere katika muji uliopimwa, na amejenga, atambuliwe konsesyo ya daima. Lakini kutambuliwa kule hakukuji kwenyewe nyumbani kwako kama maji ya mvua. Lazima uende uombe. Babu hakwenda, hakuna mutu alimuambia. Papa naye hakwenda. Sasa kitabu kiko katika valizi chini ya kitanda, panya wanakisoma.

Nimeona watu wenye akili zao wanaapa kwamba fishi ya komine inatosha, «juu iko na kashe ya serkali». Kashe iko, ndiyo. Fishi inaonyesha kwamba komine inajua unakaa pale, na mbele ya tribunali inaweza kukusaidia kidogo kuonyesha kwamba wewe si mwizi. Lakini siku mutu anakuja na sertifika juu ya parsele ile ile, wewe na fishi yako mutasimama nje.

Na hapa ndipo ninaomba kila kijana asome polepole, hata kama anasoma akiwa juu ya moto-taksi. Artikle ya 227 ya sheria ile inasema sertifika ikishatoka, haki zake hazigusiki. Kama ilipatikana kwa udanganyifu ao kwa kosa, unaweza kuomba tribunali iivunje, lakini muda wako ni miaka 2. Miaka 2 ikipita, kinachobaki ni kudai pesa ya fidia kwa yule aliyekufanyia ubaya, kama utamupata, na kama yuko na kitu. Udongo wenyewe umekwenda.

Sasa fikiri. Mutu anatengeneza sertifika juu ya parsele ya mama yako leo. Kopi moja inabaki katika buku ya konservatere, kopi ingine inabaki katika mufuko wake. Yeye hana haraka. Hafukuzi mutu. Anangoja. Mama anaendelea kufagia uwanja, anapanda muembe, anaongeza chumba kimoja cha kupangisha. Miaka 2 inapita, na muezi wa 25 wanakuja na hukumu na polisi. Mama angejua namna gani? Buku iko ndani ya biro. Hakuna orodha inayobandikwa nje. Hakuna tangazo linalosomwa katika radio za muji. Saa ya sheria inakimbia, lakini imefungiwa katika kabati, na mwenye ufunguo si mama.

Ndiyo maana nikisikia mutu anasema «mambo ya parsele ni siri, tukiyafungua wezi wataingia», ninashangaa. Wezi wameshaingia, na wanaingia kwa sababu kuko giza. Mwizi wa parsele hatumii panga. Anatumia kalamu, na anahitaji tu kwamba wewe usione kile kilichoandikwa.

Njia yenyewe ya kupata sertifika, nitaieleza haraka. Unaandika barua ya kuomba. Watu wa kadastre wanakuja kupima, wanaweka mawe ya mipaka, wanachora kroki, wanakupa numero. Unapewa kontra ya kupangisha, ya miaka 3, na katika muda ule unapaswa kujenga. Wanakuja kuona kama umejenga, wanaandika ripoti. Kiisha unafunga kontra ya konsesyo, na sertifika inatoka. Katika kila hatua kuko pesa halali ya serkali: unaandikiwa noti, unaenda kulipa banki, unaleta lisiti. Hakuna ubaya pale. Hata mimi mwenye mufuko mutupu sipingi kwamba kupima udongo kunaomba pesa.

Ubaya uko katikati ya hatua na hatua. Kutoka meza moja mpaka meza ya pili dosie haina miguu. Inaomba «transpo». Mupimaji anaomba mafuta ya moto. Mwenye kutayarisha karatasi anaomba pesa ya karatasi, kiisha pesa ya wino, kiisha siku ile umeme umekatika anaomba pesa ya esansi ya jenereta. Mwenye kutia sahihi hayuko, lakini kuko mutu anajua namna ya kumupata. Yote ile inaitwa motivasyo. Neno nzuri kabisa, unaweza kufikiri tuko katika semina ya maombi. Na hakuna hata franka moja ya motivasyo inayopata lisiti.

Siku moja nilienda katika biro moja ya muji huu, jina lake nitaliacha, kuuliza ulizo moja tu: kopi iliyothibitishwa ya karatasi ya parsele yetu inalipiwa franka ngapi? Sikuomba karatasi. Niliomba bei. Yule papa nyuma ya meza aliniangalia tangu juu mpaka chini, akaniuliza: «Unatumwa na nani?» Nikamujibu: «Papa, sitatumwa na mutu, ni parsele ya kwetu.» Akasema: «Leta kwanza dosie, bei tutaona.» Nikauliza tena, kwa heshima yote, kama hakuna karatasi yenye bei ya serkali. Akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mutu mukubwa anavyochekea mutoto aliyeuliza mwezi unalala wapi. «Mutoto yangu, bei inategemea.»

Inategemea nini? Viatu vyangu? Lugha yangu? Kabila ya papa yangu? Samaki sokoni bei yake inategemea, ndiyo, ndagala wakikosa usiku ule bei inapanda na wewe mwenyewe unaona kapu ni tupu. Lakini karatasi ya serkali haivuliwi ziwani. Bei yake imeandikwa mahali fulani, katika arete ya waziri fulani, na yule papa anaijua kwa kichwa. Anaificha juu ile siri ndiyo shamba lake.

Nitamuteteya pia kidogo, juu sitaki tuandike kama watoto. Wafanya kazi wengi wa biro zetu wanazeeka bila mushahara wa kweli. Kuko wanaotumika miaka na miaka na wangali wanaitwa «unite mupya», hawako katika orodha ya malipo. Kuko wanaopokea pesa ambayo haitoshi gunia ya unga na ada ya shule ya watoto wawili. Kalamu wanajinunulia, karatasi wanajinunulia, na rejista za zamani zinaliwa na mchwa mbele ya macho yao. Wakati inchi yote ilifundishwa artikle 15, kila mutu ajitafutie, tusishangae kwamba mwenye kashe anatafuta kwa kashe. Hayo yote ni kweli. Lakini mama anayeuza mihogo soko hana mushahara wa serkali pia, na hakuna siku amemuambia muteja kwamba bei ya fungu inategemea anatumwa na nani. Tupiganie mushahara wa wafanya kazi wale, tutakuwa pamoja nao. Tusikubali kwamba mama ndiye awalipe mara ya pili, gizani.

Kuna sababu mambo haya yamekuwa makali hapa kwetu kuliko zamani. Mwaka 2015 Katanga ilikatwa, Tanganyika ikawa provinsi, na Kalemie ikawa muji mukuu wake. Gavana, waziri, bunge la provinsi, mashirika, kila mumoja alitafuta mahali pa kuketi. Kiwanja ambacho jana kilikuwa cha kulima matembele kikawa kitu cha kupigania. Kiisha 2016 na 2017 vita kati ya Watwa na Waluba ikasukuma maelfu ya ndugu zetu kutoka vilaje mpaka pembeni ya muji, Katanika, Kalunga na kwingine. Wengine walirudi, wengine walibaki, walinunua vipande vidogo kwa karatasi ya kuandika na mukono. Tena nani anawauzia? Mara shefu, mara mutoto wa shefu, mara mutu tu aliyesimama pale akiwa na sauti kubwa.

Halafu maji. Ziwa lilipanda 2021, likapanda tena 2024, na sisi wote tunajua Lukuga ndiyo mulango mumoja tu wa kutokea kwa maji ya Tanganyika. Watu waliangalia kuta zao zikilainika kama mukate katika chai. Walihama na godoro kichwani. Ninyi mulioenda kubeba vitu vya watu siku zile munakumbuka kitu kilichokuwa kinatafutwa kwanza: mutu anaingia katika maji mpaka kiuno kutoa mufuko wa plastiki wenye makaratasi. Televizyo anaiacha. Juu anajua: siku serkali itasema waliopoteza nyumba wapewe viwanja kwingine, ulizo la kwanza litakuwa, uko na karatasi gani? Yule ambaye karatasi yake ilikwenda na maji, ataenda kuomba kopi wapi? Katika biro ile ile ambayo bei inategemea.

Na kuna viwanja ambavyo havikupaswa hata kuuzwa. Artikle ya 55 inasema udongo uliowekwa kwa matumizi ya watu wote hauwezi kutolewa konsesyo mpaka kwanza uondolewe katika matumizi yale kwa utaratibu. Uwanja wa mupira, njia ya watoto wa shule, kando ya muto, mahali pa kuzika. Ukiona leo mutu anamwaga musingi katika uwanja wa mupira wa katiye, uliza karatasi ya kuuondoa uwanja ule iko wapi. Usimuulize yule muashi, yeye anatafuta chakula. Uliza kwa barua.

Makaratasi mengine yanafuata tabia ile ile. Sheria ya familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inatoa siku 90 za kuandikisha mutoto aliyezaliwa. Zikipita, unaenda tribunali kutafuta jujema supletifu, na hapo pesa inaanza kutembea. Mutoto aliyezaliwa chini ya shitingi katika kambi ya wadeplase, mama yake angejua siku 90 ni nini? Leo mutoto yule anaweza kuwa na miaka 8, anasoma, na katika macho ya serkali hakuzaliwa. Inchi yetu ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho 1984, wengi wa wazazi wetu walikuwa wangali watoto. Sisi tunatembea na karti ya uchaguzi kama kitambulisho. Ukipoteza ile, unakuwa kivuli.

Wamama wajane ndio wanaumia zaidi, na hii tunaiona katika familia zetu wenyewe, tusisingizie serkali peke yake. Muzee anakufa, kabla ya siku za kilio kuisha ndugu zake wanauliza «karatasi ya parsele iko wapi?» Jina lililoandikwa ni la muzee tu. Lakini sheria ile ile ya familia inasema mujane ana haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mume wake na kutumia vyombo vyake, na watoto ndio warithi wa kwanza, wanachukua sehemu kubwa. Shangazi na mujomba hawako mbele ya watoto. Kama kopi ya sertifika inaweza kuombwa na mama mwenyewe, kwa bei inayojulikana, kwa siku zinazojulikana, shemeji hawezi kuificha katika mufuko wa koti na kusema imepotea. Ninajua nyumba mbili ambazo ziliuzwa hivyo. Wamama wale wanapangisha leo.

Kitu kingine kinachonikasirisha, labda mutasema ni kidogo: lugha. Katiba inasema Kifaransa ni lugha ya kazi ya serkali, lakini inataja pia Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, na inasema serkali izikuze. Sasa mama anatia kidole chenye wino chini ya kontra ya kurasa 3 ya Kifaransa. Hakuna mutu anamusomea. Neno «lokasyo» na neno «konsesyo» kwake ni sauti moja, na tofauti yake ni kupangisha miaka 3 ao kukaa daima. Sisi wenye diploma tungeweza kufanya kazi hii bure, kila Jumamosi: kukaa mahali na kusomea watu makaratasi yao kwa Kiswahili. Haiombi ruhusa ya Kinshasa.

Na hapa niseme neno juu yetu vijana, hata kama wengine watanitoa katika grupu. Makomisionere wengi wa muji huu ni sisi. Ni vijana wenye lisansi kama mimi, hawana kazi, wanasimama kona na simu mbili, wanaonyesha kiwanja kimoja kwa wateja watatu na wanakula komisyo mara tatu. Wanamujua nani wa kumuona kwa biro gani. Wanaita ile «kujitafutia». Ndugu, mulango ule muzee anaupitisha mukono wake, sisi ndio tumekuwa mukono. Hatuwezi kupiga firimbi mbele ya meri asubuhi na jioni kuchukua asilimia juu ya parsele ya mujane.

Sasa tunaomba nini? Wengine wanataka twende mbali, tuombe sheria mupya. Kinshasa wanaongea marekebisho ya udongo tangu miaka mingi, serkali ilipitisha politiki ya taifa ya udongo 2022, vizuri, waendelee. Wanyarwanda kati ya 2009 na 2013 walipima na kuandika vipande zaidi ya milioni 10, kwa hiyo si kazi ya malaika. Lakini mimi sitaki tungoje Kinshasa kwa kitu ambacho kinaweza kufanyika hapa kwa kalamu, gundi na ukuta. Artikle ya 204 ya Katiba inaweka kazi ya kutoa na kulinda hati za nyumba na viwanja kati ya mambo ya provinsi, kwa kufuata sheria ya taifa. Provinsi ni hapa. Gavana anakaa hapa, wabunge wa provinsi wanakaa hapa, wanapita katika mashimo yale yale ya njia.

Kwanza, bei. Kila biro inayotoa karatasi ibandike ukutani, nje, kwa Kiswahili na Kifaransa, bei ya kila karatasi na banki ya kulipia. Pili, ukileta dosie, upewe lisiti yenye tarehe, jina la aliyepokea, na siku ya kurudi. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, sheria yao ya 2016 inapa biro siku 30 kujibu mutu aliyeomba habari, na Kenya mwaka ule ule waliweka siku 21. Sisi tunajibiwa «rudia kesho», na kesho haina tarehe. Tatu, na hii ndiyo ninaiona kubwa zaidi: kila muezi orodha ya maombi ya sertifika, katiye kwa katiye, numero kwa numero, ibandikwe kwa komine na isomwe katika radio kabla karatasi haijatoka. Hata majina yasitajwe kama wanaogopa. Numero ya parsele na avenyu zinatosha ili mama asikie na aseme: ngoja, ile ni kwangu.

Wataalamu watasema kubandika orodha kutaleta mabishano mengi. Ndiyo, kutaleta. Heri mabishano leo, nyumba ikiwa ingali imesimama na mashahidi wakiwa hai, kuliko hukumu muezi wa 25.

Silaha tuliyo nayo si jiwe. Artikle ya 27 ya Katiba inasema kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kuandikia mukubwa wa serkali petisyo, na mukubwa yule anapaswa kujibu katika miezi 3. Tena inaongeza kwamba hakuna mutu anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kuandika petisyo. Wengi wetu tunaijua artikle ya 64 kwa kichwa, ile ya kupinga mwenye kuchukua mamlaka kwa nguvu, tunaipiga kelele barabarani. Ile ya 27 hatuitumie, juu haina moshi. Lakini ni ile inayoweka tarehe.

Petisyo ya bei ukutani tunaiandika sasa. Itakwenda kwa gavana, kopi kwa bunge la provinsi, kwa meya, na kwa waburgumestre wa Lac, Lukuga na Kalemie. Kila kopi itapelekwa na watu wawili, na hawatoki pale bila akize ya resepsyo, hata kama ni kungoja mpaka saa 9. Atakayekataa kutia sahihi kwamba amepokea, tutaandika saa na siku, basi. Miezi 3 tutaihesabu kuanzia tarehe ya akize, siyo tarehe ya hasira yetu.

Wakati tunangoja, fanya kazi moja nyumbani. Omba wazazi wakuonyeshe makaratasi ya parsele, yote, hata yale yaliyochanika, hata livre ya lojere ya babu. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, mahali penye mwangaza. Usiiweke katika grupu la WhatsApp, makomisionere wako pale. Weka kopi moja kwa dada yako ao kwa ndugu aliye muji mwingine, mahali maji hayafiki. Andika pembeni majina ya majirani wa pande 4 na mwaka walipofika. Kisha angalia tarehe ya karatasi ya mwisho na uulize mama, polepole, si mbele ya wageni: nani mwingine ana kopi ya hii?